Kizibo cha koki: kizima au cha kusaga?

Kila apikaye binyebwa, mchuzi wa karanga za kusaga, anajua hili: karanga moja yenye ukungu ukiitafuna nzima, unaitema na kuendelea na nyingine. Ukiisaga pamoja na zingine, sufuria zima limeharibika, na huwezi tena kuonyesha kidole karanga iliyoleta balaa. Ukishaelewa hapo, umeshaelewa nusu ya tofauti kati ya vizibo viwili ambavyo mtengeneza mvinyo mdogo wa Uganda huletewa achague: kizibo kizima, kilichotobolewa moja kwa moja kwenye gome, na kizibo cha kusaga, kilichofinyangwa kwa chembe za gome hilo hilo zikashikwa kwa gundi.

Koki ninayoisema hapa si ile ya bomba la maji. Ni gome la mwaloni wa koki, mti wa Ureno, Uhispania, Moroko, Algeria na majirani zao wa bahari ya Mediterania. Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya koki yote duniani.

Mimi natengeneza mvinyo wa nanasi na wa rosela (choya) hapa Jinja, kidogo kidogo, nanasi zikitoka Kangulumira. Nilizaliwa Tororo kwenye nyumba za reli, ndiyo maana wenzangu wa Busia, Malaba na Mbale hunipigia simu kwa Kiswahili wakiuliza, "Kaka, ninunue kipi?" Huwa siwajibu mara moja. Nauliza kwanza: utauza baada ya muda gani, na stoo yako ikoje? Kizibo hakiharibiwi na bei yake. Kinaharibiwa na maji: yaliyokaa kwenye gome mti ukiwa bado umesimama, yaliyoingia gome likiwa limelala kiwandani, na yale yanayokingojea kwako nyumbani.

Gome lenyewe, na jirani yake mutuba

Mtu wa Buganda hahitaji kuelezwa kwamba gome laweza kuvuliwa bila kuua mti. Mutuba, mti wa kutengenezea lubugo, kile kitambaa cha gome, huvuliwa, hufungwa majani ya migomba kama kidonda, na huota gome jingine. Mafundi wa lubugo huvuna wakati wa mvua, na hulipigia gome nyundo ndani ya banda lililo wazi pembeni, jua lisije kulikausha haraka mno. Yaani kwao unyevu ni rafiki, mpaka kitambaa kiive.

Kwa mwaloni wa koki, unyevu ni rafiki siku moja tu: siku ya kuvua. Huvuliwa kati ya Mei na Agosti, utomvu ukiwa unapanda, ili gome liachane na mti bila kuuchuna. Baada ya hapo kila tone ni shaka. Mti huvuliwa mara ya kwanza ukiwa na miaka kama 25, na sheria ya Ureno inataka ipite miaka isiyopungua 9 kabla ya kuuvua tena; ndiyo maana utaona tarakimu iliyopakwa rangi kwenye shina, kukumbusha mwaka wa mwisho. Gome la kwanza na la pili halifai kwa kizibo kizima, linasagwa. La tatu ndilo linaloanza kufaa. Piga hesabu mwenyewe: mti umeshapita miaka 40 kabla haujatoa kizibo kimoja cha kuziba chupa ya maana. Ukiambiwa kizibo kizima ni ghali, usidhani ni ulafi wa mfanyabiashara.

Gome likishavuliwa hurundikwa likauke, kisha huchemshwa kwa muda wa kama saa moja. Linanenepa, linalainika, linanyooka. Halafu hupumzishwa, hukatwa vipande, na vizibo hutobolewa kwa kufuata urefu wa shina, ili vile vitundu vya kupumulia vya gome vipite kwa upana wa kizibo, visije kuwa mfereji kutoka kwenye mvinyo hadi nje. Chembe zinazobaki baada ya kutoboa, ambazo ni sehemu kubwa ya gome, ndizo huenda kusagwa.

Kumbe basi vizibo vyote viwili vimetoka kwenye ubao mmoja. Kilicho kibaya kwenye ubao huenda huku na huku. Ila hakifiki kwa namna moja.

Kasoro ya kijani

Wareno huiita verde, kijani, ingawa rangi yake ni kama doa jeusi-jeusi lililolowa. Ni sehemu ya gome ambayo seli zake zimejaa maji. Koki nzuri ni seli zilizojaa hewa, takriban milioni 40 katika sentimita moja ya ujazo, ndiyo sababu inabonyea na kurudi. Pale penye kijani, badala ya hewa pana maji, na gome ni zito.

Hatari yake ni kwamba gome likiwa bichi halionyeshi ubaya. Maji yamezijaza seli, umbo limesimama vizuri. Ukitoboa kizibo hapo, kinatoka mviringo safi. Kisha kinakauka, na ile sehemu ya kijani inasinyaa kuliko ndugu zake. Umewahi kutengenezewa mlango wa mvule mbichi? Siku ya kufungwa unakaa sawasawa, unamsifu fundi. Baada ya kiangazi kimoja mjusi anapita bila kuinama.

Hiyo ndiyo iliyonipata. Mwaka mmoja niliuziwa mjini mfuko wa vizibo vizima kwa bei ya kutupa, vilaini, vinang'aa, kama vimepakwa mafuta. Nikaziba rosela yangu yote. Waliogundua kosa kabla yangu ni sisimizi: walipanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye chupa zilizolala rafu ya chini. Nilipozitoa nikakuta shingo zinanata na lebo zimebadilika rangi. Vizibo vilivyovuja nilipovichomoa vilikuwa na umbo la yai, ubavu mmoja umebonyea.

Na ule ung'aavu? Vilikuwa vimejazwa. Kuna vizibo vizima vyenye vitundu vingi ambavyo kiwanda huviziba kwa unga wa koki na gundi, kisha huvipaka nta. Si wizi, ni daraja halali kabisa la bidhaa, na kwa mvinyo wa kunywa mapema kinaweza kutumika. Lakini uso wake haukuambii lolote kuhusu gome lililo chini. Tangu siku ile, kizibo kizima kisicho na hata kitundu kimoja, kwa bei ndogo, kinanitia wasiwasi kuliko chenye vitundu vinavyoonekana.

Sasa chukua gome lile lile la kijani ulisage. Chembe zinakaushwa, zinasinyaa zikiwa bado ndogo, kabla gundi haijazishika. Nyepesi hutengwa na nzito. Kizibo kinachofinyangwa baadaye hakina upande uliokuwa na maji na upande usiokuwa nayo. Kwa kasoro hii, kusaga ni dawa. Sijawahi kuona kizibo cha kusaga chenye umbo la yai.

Kasoro ya manjano

Hapa mambo yanageuka. Doa la manjano huota zaidi chini ya shina, pale gome linapokaribia udongo wenye unyevu. Ni kazi ya kuvu. Wanaoshukiwa ni pamoja na Armillaria, wale wale wanaoozesha mizizi ya miti. Gome la hapo hufifia rangi na kunuka kama gunia lililolazwa chini msimu mzima wa mvua. Ndiyo maana viwanda makini hukata na kutupa kipande cha mguuni mwa ubao, na hawaruhusu mbao kurundikwa juu ya udongo mtupu.

Harufu hiyo ina mwenyewe. Ni trikloroanisoli, ambayo mtaalamu wa Uswisi Hans Tanner aliitaja mwaka 1981 kuwa chanzo cha mvinyo kunuka koki. Kiasi chake cha kuharibu mvinyo huhesabiwa kwa nanogramu chache tu kwa lita, na nanogramu ni gramu iliyogawanywa mara bilioni. Haina sumu kwa kiwango hicho. Inachofanya ni kuua harufu ya tunda kabla hata haijajitambulisha yenyewe. Kwa mvinyo wa nanasi hilo ni pigo, kwa kuwa nanasi tunaliuza kwa harufu. Mteja hasemi "inanuka ukungu". Anasema "safari hii ulitia maji".

Kizibo kizima chenye doa la manjano huharibu chupa moja. Cha jirani yake, kilichotoka kwenye mti mwingine, kiko salama. Ukiwa na chupa mia, mbili tatu zitakuaibisha, zilizobaki zitauzika.

Lakini ubao wenye doa ukiingia kwenye kinu, ndiyo binyebwa. Harufu inasambaa kwenye chembe zote za pishi lile. Labda kila kizibo kimoja kitapata kidogo mno kisichosikika. Labda mfuko mzima utakuwa umepungua ladha kwa kiasi ambacho huwezi kukikamata, kwa sababu huna chupa nzima ya kulinganisha nayo. Hili la pili ndilo linalonitisha zaidi. Viwanda vikubwa vimelijibu: huosha chembe kwa mvuke, au kwa kaboni daioksaidi iliyobanwa sana, mpaka trikloroanisoli inatoka. Vizibo vya kusaga vya namna hiyo ni vya chembe ndogo ndogo, sawasawa, na bei yake iko juu ya vile vya kawaida. Vile vya chembe kubwa kama punje za mahindi yaliyopasuliwa, ambavyo ndivyo rahisi kuvipata, mara nyingi havikuoshwa hivyo. Muulize muuzaji karatasi ya kiwanda. Kama hana, chukulia havikuoshwa.

Kwa hiyo kusaga kunaponya kijani na kunasambaza manjano. Nikipewa sentensi moja ya kumwambia mtu kwenye simu, ni hiyo.

Madoa ya bluu

Haya nayapita haraka. Mengine ni kuvu wa stoo walioota mbao zilipopangwa zikiwa bado mbichi baada ya kuchemshwa. Mengine si kuvu hata kidogo: ni tanini ya gome iliyokutana na chuma, waya au pipa, ikaacha weusi wa bluu, mfano wa utomvu wa matooke kwenye kisu na viganja. La chuma ni la sura tu. La kuvu ni ushahidi kwamba mahali fulani njiani unyevu haukulindwa, kwa hiyo ukiliona kwenye kizibo kizima, kinuse mara mbili.

Jinsi ya kuvipima kabla hujalipa

Huhitaji maabara, ila vizibo vya aina hizi mbili havipimwi sawa.

Kizibo kizima kiviringishe juu ya kioo. Kinachodundadunda au kugeuka njia kina sehemu iliyosinyaa. Kishike viwili viwili mkononi: kilicho kizito waziwazi kuliko mwenzake, kiweke kando. Angalia vichwa vyote viwili, kwa sababu kichwa kimoja ndicho kitakachoogelea kwenye mvinyo wako miezi yote. Halafu kwa sababu kila kizibo kina historia yake, pima vingi. Mimi huchukua 20 kwa mfuko.

Cha kusaga hakina haja ya kuviringishwa. Kikunje kwa vidole. Kikimeguka chembe, gundi ni dhaifu au kimekaukiwa. Hapa vichache vinatosha, vitano sita, lakini hukumu yake ni ya mfuko mzima. Kimoja kikinuka, usichambue, rudisha wote.

Kunusa kwenyewe ni hivi. Kila kizibo kiweke peke yake ndani ya glasi ndogo, mimina maji safi yasiyonuka klorini, funika kwa kisahani, acha saa 24. Asubuhi kabla hujanywa chai, nusa moja moja. Mlete na mtu mwingine, kwani pua yako ikikutana na harufu hiyo mara mbili tatu huchoka na kukudanganya. Mke wangu hunishinda kwa hili, na anapenda kunikumbusha.

Maji ya nyumbani kwako

Vizibo hufika kutoka kiwandani vikiwa na unyevu wa kati ya asilimia 4 na 8. Chini ya hapo vinapasuka na kumwaga vumbi kwenye chupa. Juu ya hapo kidogo tu, ukungu unaamka. Stoo inayofaa ina unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 70, na joto la kadiri.

Soma hizo namba, kisha fikiria Entebbe mwezi wa Aprili. Ukiweka katoni chini kwenye saruji, sakafu inapumua maji usiku kucha na katoni inayanywa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, ndani ya mfuko wake wa kiwandani uliofungwa, na ufungue siku ya kuziba tu. Viwanda huweka salfa daioksaidi kidogo ndani ya mfuko huo. Ukiupasua na kuhamishia vizibo kwenye kavera la plastiki la sokoni, umetupa mlinzi. Kwa upande mwingine, mwenzangu mmoja wa Moroto ana shida ya kinyume. Kwake hewa ni kavu, na vizibo vilivyobaki msimu hadi msimu humeguka mikononi. Yeye namshauri anunue kidogo kidogo, avitumie ndani ya miezi sita.

Katika hali zote mbili, cha kusaga huvumilia uzembe zaidi kidogo kuliko kizima, isipokuwa kwa jambo moja ambalo nimeliona hadi nimechoka: watu kuchemsha vizibo "ili vife vijidudu". Usichemshe! Kizima kinakunywa maji na kupoteza nta yake. Cha kusaga kinavimba na gundi inalegea. Kilichotoka kwenye mfuko uliofungwa kiko tayari.

Na jiki isiingie chumba cha mvinyo. Klorini ikikutana na mbao, katoni au gome lenye unyevu, kuvu hupata malighafi ya kutengeneza ile ile trikloroanisoli. Unaweza kununua vizibo safi kutoka Ureno ukavinukisha mwenyewe Jinja kwa kupiga deki.

Je, wale wengine?

Kizibo cha plastiki hakina gome, hivyo hakina kijani wala manjano. Hupitisha hewa zaidi kadiri miezi inavyokwenda, na kukichomoa ni mieleka. Kifuniko cha kuzungusha ni kizuri sana kama una chupa zenye nyuzi za kuzungushia shingoni na mashine ya kukibana. Wengi wetu tunaookota chupa zilizotumika hatuna vyote viwili. Kuna pia kizibo cha kusaga chenye visahani vya koki nzima kila kichwa. Hicho ni mapatano mazuri, kwani mvinyo hugusa kisahani tu na mwili hausinyai, ila sikuti cha kununua kwa urahisi.

Kizibo cha soda msikidharau. Mmarekani William Painter alipokipatia hati mwaka 1892, ndani yake kulikuwa na kisahani cha koki. Plastiki ilikuja baadaye. Kwa mvinyo unaouzwa kwenye chupa za bia kwa majirani, kinaziba kuliko kizibo kibaya cha gome. Tatizo lake ni macho ya mteja, si ubora.

Ningechagua vipi

Kwa mvinyo wa matunda wa kuuzwa ndani ya mwaka, nachukua cha kusaga cha chembe ndogo zilizooshwa, chenye karatasi ya kiwanda. Sifa kubwa ya kizibo kizima bora ni kukaa na mvinyo miaka kumi, ishirini, na mvinyo wa nanasi haungoji wajukuu. Kulipa mara kadhaa zaidi kwa sifa usiyoitumia ni kama kununua lori la kubebea mkungu mmoja wa ndizi.

Kama cha kusaga kilichooshwa hakipatikani, na mbele yangu kuna cha chembe kubwa kisicho na karatasi pamoja na kizima cha daraja la kati chenye vitundu vyake wazi, nachukua kizima. Watu hunishangaa hapa. Lakini ubaya wa kizima nauona, nauviringisha kwenye kioo, nauchambua, na ukinipita unaniharibia chupa mbili tatu. Ubaya wa kile kingine ukinipita umeniharibia msimu.

Kizima cha bei ya kutupa, kilichojazwa na kung'arishwa, sikichukui hata kwa bure. Na kizima cha daraja la juu? Nanunua vichache kila mwaka, kwa ajili ya chupa za harusi na zile ninazoziweka kando nikijaribu kuona rosela nyeusi itafika wapi. Hizo nazilaza, ili kichwa cha kizibo kisikauke, baada ya kuzisimamisha siku moja kwanza. Za kusaga nazisimamisha tu, nafasi yenyewe ya stoo ni ndogo.

Wiki hii kuna glasi 20 zimepangwa dirishani jikoni, kila moja na kisahani chake, na wageni waliokuja jana wamekunywa chai kwenye vikombe vya plastiki.